Vidonge vya Mchana wa Ramadhani

Mimi ni mtu ambaye hakuna jambo la kumshangaza. Nimeona tajiri wa nyumba tatu akiomba unga mlangoni kwa mtumishi wake wa zamani. Nimeona mtu aliyesomewa hitima, watu wakala wakashiba, kisha akateremka bandarini kutoka Uarabuni akiuliza kwa nini mkewe ana mume mwingine. Nimeona nyangumi mfu ufukweni na wenye heshima zao wakigombania mafuta yake mpaka makanzu yakachanika. Yote hayo niliyatazama, nikaenda zangu kazini.

Nilikuja mjini Amu, ndiyo Lamu, kutoka Pate na kikoi kimoja kiunoni, sina baba wala mjomba wa kunishika mkono. Nilibeba boriti bandarini mpaka bega langu la kulia likawa gumu kama kisigino, na hata leo fundi cherehani hunikatia kanzu upande mmoja juu kuliko wa pili. Kuchoma chokaa nilijifunza kwa kutazama tu, kwa sababu hakuna aliyekubali kunifundisha. Sasa nina matanuu mawili, mashua ya kuletea mawe kutoka Manda, na nyumba ya ghorofa ambayo chokaa yake ni yangu mwenyewe na haijapasuka mahali. Chuoni nilikaa kidogo sana. Herufi hizi za Kizungu nilizisoma kwenye magunia ya sukari na saruji, na ndizo ninazoandikia. Mwenye kuona makosa asahihishe kimoyomoyo.

Mtu wa namna yangu, basi, nani atamshangaza? Alinishangaza mtu mmoja asiye na nyumba, aliyekuwa akilala kwenye joto la tanuu langu.

Tanuu letu si jiko la kujengwa. Ni magogo yanayopangwa mviringo, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu, kisha likawashwa likaunguruma kutwa kucha. Moto ukiisha, ile chokaa na majivu yake hubaki na joto kwa siku kadhaa. Yule bwana alikuwa analala upande ule upepo usikofika, amejikunja juu ya gunia, na asubuhi vibarua wangu walikuwa wakimkuta ana weupe mwili mzima kama mtu aliyepakwa unga.

Alikuwa mtu wa Mkokoni, msuka madema, ile mitego ya fito ambayo samaki huuona mlango wa kuingilia asiuone wa kutokea. Wenzake walikuwa wakimsifu kwa mkono wake. Miaka ile ya machafuko, baada ya uhuru, watu wengi wa bara ya kaskazini walihama wakaja visiwani, naye akaja peke yake. Jamaa zake walitawanyika, wengine huku, wengine kule, na yeye akaanza kusema na watu ambao sisi hatuwaoni. Alikuwa akiwajibu. Mara nyingine walimwudhi, akapiga kelele. Kulikuwa na bibi mmoja mjane, mlango wake u karibu na tanuu, aliyekuwa akimwekea sahani ya wali kizingitini. Yule bwana alikula akiwa ameuelekea ukuta, akairudisha sahani imeoshwa.

Siku moja alizipindua meza za samaki sokoni, tatu kwa mpigo. Alisema samaki wanamtaja kwa jina. Polisi wakamfunga kamba, wakamtia botini mpaka Mokowe, na kutoka Mokowe akapelekwa hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, mbali huko. Alikaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa ametulia, amenenepa kidogo, ana mfuko wa vidonge vya rangi ya kahawia, na mikononi bado ana alama za ile kamba ya botini. Vidonge vikaisha. Akarudi kwenye majivu yangu, na maneno yake yakarudi naye.

Hapo ndipo alipokuja inspekta wa polisi, mtu wa bara, mrefu, mwenye kuongea taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia yule bwana akifanya fujo tena atatiwa botini mara ya pili, na wanaopelekwa mara ya pili aghalabu hawarudi. Akasema kwa maoni yake mtu huyu hasaidiki.

Sasa mimi nikiambiwa jambo haliwezekani, mwili huniwasha. Niliambiwa sitaweza kununua tanuu. Niliambiwa mtu wa Pate asiye na ukoo hatapewa mke mjini. Nikamwambia inspekta, mbele ya vibarua wangu wote, kwamba mtu huyu ni mtu wa tanuu langu, na akimtaka aje aniulize mimi kwanza. Aliniangalia kisha akasema sawa, tutaona.

Wa pili kuja alikuwa dresa wa hospitali ya serikali, naye mtu wa bara, Mkristo, kijana bado. Alikuja kwa miguu juani, akasimama kwenye vumbi la chokaa na viatu vyake vyeusi.

"Mzee," akasema, "huyu mtu alitakiwa kuja hospitali kuchukua dawa. Hajakuja hata mara moja."

"Kwanza, mimi si mzee," nikamwambia. "Pili, hospitali yako ina mlango, na mlangoni pako huwa amekaa askari. Askari ndiye aliyemfunga kamba. Wewe ungekuja?"

Akafikiri. Hakukasirika. Akauliza basi tufanye nini. Nikamwambia mtu huyu haji kwako, anakuja kwangu kila siku bila kuitwa, kwa hiyo dawa nayo ihamie kwangu. Shauri lile lilikuwa langu, na nalitaja kwa sababu baadaye watu walisema ni la wengine. Dresa akanieleza kwamba kidonge ni mara tatu kwa siku, na kwamba dawa hii hukausha mdomo na mwili, basi anywe maji mengi na asishinde kwenye jua kali. Akanipa kopo.

Pale tanuuni kahawa tulikuwa tukiinywa mara tatu: asubuhi kabla ya kazi, karibu na adhuhuri, na baada ya alasiri. Vibarua hukaa kulizunguka birika, kikombe kikapita. Yule bwana naye alikuwa akipewa, lakini kwa kifuu cha nazi kilichowekwa kando, kwa kuwa hakuna aliyependa kunywea alipogusa mdomo wake. Siku ya kwanza nilikichukua kile kifuu nikakipasua kwa kisigino. Nikammiminia kahawa katika kikombe chetu. Alipomaliza nikamimina yangu humo humo, bila kusuuza, nikanywa huku nikiwatazama wote usoni. Mmoja alinong'ona kwamba Bwana naye sasa ameanza. Nikamwambia aliyeanza ndiye anayelipa mshahara.

Kahawa aliinywa. Kidonge hakukitaka. Nilikiweka kando ya kikombe, sikusema meza wala usimeze. Siku nyingi zilipita hivyo. Kisha akawa anakitia mdomoni, akaenda nyuma ya rundo, akakitema. Lakini kitu cha kahawia juu ya chokaa nyeupe kitajificha wapi? Nilikiokota, nikakifuta, nikakirudisha pale pale. "Chako kimeanguka," nikamwambia. Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile.

Mwishowe alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka na mtu aliyepo.

"Bwana, wewe huchoki?"

"Mimi nimebeba boriti," nikasema. "Kidonge kina uzito gani?"

Akakimeza, akafungua mdomo nione.

Toka siku ile kikawa ni desturi. Birika likija, kidonge kiko kando yake. Nikisafiri, ndugu wa mke wangu alikaa mahali pangu. Dresa alikuwa akipita kila wiki, akikaa nasi kwenye magunia kama mtu aliyekuja kunywa kahawa tu, huku macho yake yakimpima mgonjwa. Miezi ikapita na mtu akaanza kuonekana ndani ya ule weupe. Alioga. Alilala ndani ya banda langu la magunia, maana nilimwambia joto la tanuu ni la paka. Alifagia bila kuambiwa. Siku moja nikamkuta ameokota fito anazichonga, na vidole vyake vilikuwa vikienda vyenyewe, havimngoji. Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilipita mbele ya kituo cha polisi makusudi, kifua mbele, ingawa njia yangu haikuwa ile.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa sababu mtu asiyekulia kwetu hawezi kuliona shimo lilipokuwa. Ramadhani mji wote haunywi kahawa mchana. Birika letu lilioshwa likapinduliwa rafuni. Na dawa ya yule bwana mimi nilikuwa nimeitundika kwenye birika. Birika lilipoondoka, dawa iliondoka nalo, na hakuna aliyeshtuka, kwani nani atoe kikombe saa sita ya mchana wa Ramadhani?

Na lilikuwapo jambo la pili, kubwa kuliko hilo. Mwenda wazimu hana faradhi ya kufunga. Kila mtu anajua. Mwenda wazimu hula hadharani na hakemewi, ni kama mtoto mchanga. Sasa yule bwana akaamka siku ya kwanza, akatawadha, akafunga. Mji ukasikia. Watu walimpa mkono njiani. Kibarua yule yule aliyekuwa akinong'ona alimwita ndugu yangu. Msikitini alisogezewa nafasi katika safu. Yule bibi mjane, alipomwekea sahani yake mchana kwa mazoea, sahani ilirudi imejaa, na bibi alilia kwa furaha. Mimi nilimshonea kanzu. Sote tulisema amepona, tazama, anafunga. Na kwa kuwa anafunga, vidonge vya nini tena? Nilimwuliza mara moja tu, wakati wa futari.

"Nimefunga," akanijibu. "Mato yako hayaoni? Afungao ni mzima."

Nikaona ni jibu zuri.

Dresa wakati ule alikuwa amekwenda kwao likizo. Aliporudi, mwezi ulikuwa umefika katikati, na mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Yule bwana alikuwa halali. Midomo ilikuwa ikitembea bila sauti, kisha na sauti. Alifunga kwa ukali, hata futari aliila nusu, anasema wenzake wale tusiowaona wamemwambia asubiri. Siku hiyo tulikuwa tumepanga tanuu jipya, magogo chini, mawe juu, na baada ya alasiri kibarua aliwasha upande wa baharini. Nilipogeuka nilimwona yule bwana amekaa kileleni juu ya mawe, miguu ameikunja kama mtu aliye barazani kwake, na moshi unapanda.

Nilipanda. Umri wangu na tumbo langu, nilipanda. Nilimwuliza anafanya nini. Alisema haya si mawe, ni watu wa Mkokoni, na hawezi kuwaacha peke yao motoni. Nilitaka kumvuta kwa nguvu lakini mawe yalikuwa yakicheza chini ya miguu yetu. Nikamwambia basi mimi nitakaa naye. Nikakaa. Nilimwambia mawe haya mimi nimeyakata Manda kwa mikono yangu na ninayajua moja moja, wala hamna wa Mkokoni humu. Alinitazama sana. Soli za viatu vyangu zilianza kunuka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, kwamba tumbo lake linauma kwa njaa, na tukashuka.

Kufika chini, inspekta amesimama. Mtu alikuwa amekwenda kumwita. Hakusema niliyoyatarajia. Alisema boti ya serikali inaondoka kwenda Mokowe baada ya Idi, na kwamba siku ya Idi atakuja mwenyewe amtazame mtu huyu kwa macho yake. Akiwa vile alivyomwona leo juu ya moto, ataondoka naye.

Nilikwenda kwa dresa kabla sijafuturu. Alinisikiliza, akashika kichwa. Nikamwuliza kwa nini tusimpe vidonge vyote magharibi na daku. Akasema kwa joto hili, mtu mwenye dawa ile mwilini akishinda bila tone la maji anaweza kuanguka asiamke. Maji ya mchana ni sehemu ya dawa. Nikarudi nikamwambia mgonjwa. Akili yake siku zile ilikuwa ikija na kuondoka kama mtu mwenye shughuli mbili, na saa ile ilikuwapo. Alinijibu polepole, ameinamisha uso.

"Nikinywa mai mtana, mutasema miye ni mwenda wazimu. Na mutakuwa mwasema kweli. Afadhali boti."

Kwake yeye ile saumu ilikuwa ndiyo hati ya kuwa mtu. Akiiacha, amerudi kwenye kifuu cha nazi. Akiishika, ataingia botini na kamba mikononi.

Kesho yake niliwachukua wote wawili, mgonjwa na dresa, tukaenda kwa maalim wa msikiti wetu. Maalim alikuwa mdogo kwangu kwa umri, ana jino linalomsumbua mwezi mzima, na saumu ilikuwa imemnunisha. Alikuwa amekaa katika daka la mlango wake anashona kiatu. Dresa alivua viatu, akakaa pembeni kwa adabu. Nilieleza mambo yote. Maalim hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Daktari," akamwambia dresa, "maradhi haya yana kupona?"

"Mimi si daktari, Mwalimu, mimi ni dresa. Yanatulia. Akimeza dawa yanatulia sana. Lakini dawa hataziacha."

"Mpaka lini?"

Dresa alimtazama mgonjwa kwanza, ndipo akajibu. "Siku zote."

Mimi mwenyewe sikuwa nimepata kuambiwa hivyo. Nilikuwa nikifikiri tunalibeba jambo hili mpaka mahali fulani tutakapolitua. Yule bwana alikuwa akitazama mikono yake.

"Basi huna kufunga," maalim akamwambia. "Mgonjwa asiyetazamiwa kupona hana saumu, ana fidya. Zile siku ulizofunga ni zako. Zilizobaki, kila siku utamlisha maskini kibaba kimoja cha chakula."

Mtu wetu aliinua kichwa.

"Mwenda wazimu naye hutoa fidya?"

"Mwenda wazimu atoe ya nini?" Maalim alikwisha udhika, jino lilikuwa likimtafuna. "Yule haandikiwi kitu. Hana deni na Mngu wala na mtu. Deni huandikiwa mwenye akili yake."

"Na miye?"

"Wewe nimekwambia utatoa. Wataka nirudie?"

Yule bwana aligeuza uso ukutani. Nilidhani amekwenda tena kwa wale wenzake. Kisha akauliza:

"Kibaba cha mtele au cha mtama?"

"Cha unachokula."

"Mtele, basi."

Wallahi, nilitaka kusimama nicheke. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye nacho, kwamba gunia la mchele litatoka dukani leo hii kwa jina langu. Maalim akasema inafaa, mtu aweza kumtolea mwenziwe akipewa ruhusa. Akamgeukia yule bwana kumwuliza kama anaruhusu.

"Simruhusu," akasema. "Deni ni langu."

Nilianza kumpa vidonge siku ile ile, katika banda la magunia, mlango umesukumwa, kwa heshima ya waliofunga. Mtungi wa maji niliuweka mwenyewe. Watu wakajua, kwa maana kwetu hakuna kisichojulikana. Walikuwa wakinipigia mzaha njiani, Bwana tanuu, twasikia umefungua mkahawa, pana sambusa? Mmoja alisema nimemrudisha mtu wa watu wazimuni kwa mikono yangu. Nilimjibu mtu huyu analipa fidya, na akitaka kujua maana yake akaulize msikitini. Kila aliyesema nilimjibu hivyo hivyo, mpaka neno likatembea mbele yangu: analipa fidya, basi ni mgonjwa tu, kama bibi mwenye kisukari, kama mzee mwenye pumu. Katika safu hawakumwondolea nafasi yake.

Haikuwa rahisi. Siku mbili za mwanzo alivimeza vidonge akilia. Siku moja alikataa, nikakaa naye bandani tangu adhuhuri hadi alasiri, mimi nimefunga koo kavu na mtungi wa maji ya baridi uko magotini pangu, tukatazamana. Nilimwambia boti ikiondoka naye, fidya ataitoa nani? Akanyosha mkono. Dresa alikuja kila siku, hata Jumapili baada ya kanisa lake. Polepole wale wenzake walianza kumwacha alale.

Alipopata nafuu alinijia na madema mawili, mapya, ya fito za kijani, yamesukwa hata mtu anaona haya kuyatosa majini. Akasema anauza. Mimi si mvuvi, sijavua hata dagaa, lakini nilimwambia nitayachukua. Akataja bei: shilingi tano na senti ishirini na tano, kila moja.

Wanaonijua wanajua kwamba sijawahi kulipa bei niliyotajiwa, si mjini, si Mombasa, si kwa Mhindi, si kwa Mwarabu. Hata mahari ya mke wangu niliyapunguza. Nikamwambia nne.

"Tano na robo."

Nikamwambia nne na nusu, na ni kwa sababu yako. Akatikisa kichwa. Nikasema tano kamili, na robo hiyo ni ya nini, nani mjini aliyepata kusikia dema lenye robo? Nikajifanya kuondoka. Hakuniita. Nilifika mlangoni pa banda nikageuka mwenyewe, na hilo halijawahi kunitokea.

"Bwana," akasema, "mwenye akili yake huijua bei yake."

Nikalipa. Nilimfuata kwa mbali, maana nilitaka kuijua ile robo. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la nafaka, akaweka fedha zote mezani, na mwenye duka akampimia vibaba, kimoja kwa kila siku aliyokuwa akidaiwa mpaka Idi. Alipomaliza kupima, mezani haikubaki hata senti moja, wala haikupungua.

Asubuhi ya Idi inspekta alikuja, kama alivyosema, amevaa sare, na askari mmoja. Walimkuta yule bwana barazani kwa bibi mjane, amevaa ile kanzu niliyomshonea. Mfuko wa mchele alikuwa ameuweka juu ya kile kizingiti alichokuwa akiwekewa sahani. Bibi alikuwa akikataa, yeye akisisitiza, wanashindana kwa adabu kama majirani.

Inspekta alimwuliza hali. Akajibu njema, na yeye je. Akamwuliza mchele huu ni wa nini.

"Ni deni langu, Bwana Inspekta," akasema. "Nilikuwa mgonjwa."

Inspekta alisimama kidogo, akampa mkono wa Idi, akamgeukia askari akamwambia waende. Alipita mbele yangu. Nilikohoa tu.

Sitasema kwamba mambo yaliishia hapo. Mtu huyu nimeishi naye miaka sasa. Ameacha dawa mara mbili, mara moja alipofiwa na ndugu, mara nyingine bila sababu niijuayo, na mara zote mbili nilikwenda kumtafuta, mara ya pili mpaka Ras Kitau alikokuwa amelala chini ya mashua iliyopinduliwa, nikakaa kando yake na kopo mpaka alipochoka kuniona. Birika halinipumbazi tena. Kila Shaabani inapokaribia kwisha, yeye mwenyewe huenda kwa dresa kuuliza habari ya mchana wa Ramadhani, akipita pale mlangoni mbele ya askari, na akirudi huanza kuchonga fito.

Mjini wanasema yule Bwana wa tanuu alitumia mali nyingi juu ya mtu wa Mkokoni, na nimewasikia wakitaja mamia. Nawaacha waseme, sifa hainiumizi. Lakini kahawa ilikuwa ya wote, banda lilikuwapo, dawa ni za serikali, kanzu ilikuwa zawadi ya furaha, na furaha siitozi hesabu. Yale madema mawili yananing'inia bandani kwangu, makavu, hayajaonja bahari. Mgeni akiuliza bei humwambia hayauzwi, kisha humwambia nilichotoa, ili ajue kwamba hata mimi niliwahi kushindwa kwa bei: shilingi kumi na senti hamsini.